Muulize Shangazi: Nilale Wapi Uingereza?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza malazi, nami nimefurahi, maana hapo ndipo kwangu. Kwa wasomaji wapya: mimi ni Mdigo wa Tanga, mkazi wa Sheffield, na kwa miaka 9 kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda vya watu katika hoteli mbili za mji huu, vyumba 14 kwa zamu. Sasa mgongo umegoma na nakaa ofisini, lakini bado nikiona picha ya chumba kwenye simu naangalia kwanza kona ambayo mpiga picha ameikwepa. Nimechagua barua tano.

Shikamoo Shangazi. Binti yetu anahitimu shahada ya kwanza hapo hapo Sheffield mwezi Julai. Tunakuja mimi, baba yake, na dada yangu mkubwa ambaye goti linamsumbua. Hoteli za karibu na chuo bei imepanda mara tatu kwa wiki ile. Tulipe tu? Na watu watatu tuchukue chumba cha namna gani? – Mama wa mhitimu, Dodoma

Marahaba, mama, na hongera ya kusomesha. Msilipe bei hiyo. Wiki ya mahafali wazazi wote wanagombea vitanda vilevile, na hoteli zinajua. Hivyo hivyo Aprili mpaka mwanzo wa Mei, mashindano ya dunia ya snuka, ule mchezo wa meza unaofanana na pool, yanapochezwa kwenye ukumbi wa Crucible wa hapa mjini, ambako yamekuwa yakichezwa tangu 1977. Chumba kilichokosa mtu Januari, wiki ya snuka kinagombewa kama kiti cha dirishani. (Mashabiki wa snuka, niwasifu, ni wageni wasafi. Wa harusi ndio wanaoniachia vikaratasi vya rangi mpaka ndani ya birika.)

Nendeni mkalale Chesterfield. Ni mji mdogo kusini yetu, treni kama dakika 15 tu, na treni nyingi zinazotoka London St Pancras kuja huku husimama hapo kwanza. Mtaujua kwa mnara wa kanisa lao uliojipinda kama kamba ya katani iliyosokotwa na mwanafunzi. Mtalala kwa bei ya kawaida, na asubuhi ya sherehe mnapanda treni na magauni yenu bila wasiwasi. Mkishuka Sheffield, msimwache dada apande kwa miguu. Mji huu umekaa juu ya vilima, na ramani ya simu inasema dakika 15 bila kukuambia kuwa zote ni za mpando. Nyuma ya stesheni kuna kituo cha tramu, na njia ya buluu inapita chuo kikuu.

Sasa vyumba. Mtaona kitu kinaitwa "family room" na mtadhani ndicho chenu. Kitanda cha tatu humo mara nyingi ni kochi la kukunjua lililopimwa kwa mtoto wa miaka kumi. Nimelikunjua mara zisizo na idadi, najua chuma chake kinapita wapi mgongoni. Watu wazima watatu, chukueni vyumba viwili. Palipoandikwa "double" ni kitanda kimoja cha watu wawili. Palipoandikwa "twin" ni vitanda viwili, kila mtu na chake. Wageni wetu wengi hukosea hapo, wakaja mapokezi usiku na mizigo kuomba kubadilishiwa, na hoteli imejaa. "En suite" ndiyo selfu yetu. Kama hawakuandika hivyo, jua choo kiko koridoni na mnagawana na wengine.

Kwa goti la dada, msiamini neno "lifti" kwenye orodha mpaka muulize kama lifti inaanzia mlangoni. Nyumba za zamani zina ngazi tano za mawe nje kabla hujafika kwenye hiyo lifti. Na chumba cha "first floor" si cha chini. Cha chini kinaitwa "ground floor".

Mawili ya mwisho. Kwenye fomu ya viza mtaulizwa mnakusudia kukaa wapi; andikeni, lakini msilipie chochote kisichorudishika kabla viza haijatoka. Chukueni nafasi inayofutika bure, hata kama imezidi paundi chache. Na ndege mtafute ya kutua Manchester badala ya Heathrow. Mashirika ya Doha na Dubai yanatua pale, na kutoka uwanjani mnapanda treni mpaka Manchester Piccadilly, mnabadilisha hapo mpande ya Sheffield, inayopita milimani, yote kwa muda wa saa moja na ushei. Heathrow mtaburuta masanduku ndani ya London nzima bila sababu.

Habari Shangazi. Nimepata nyumba ya vyumba vitatu London, karibu kabisa na Big Ben, kwa paundi 55 tu kwa usiku. Mwenye nyumba anasema nimtumie nusu ya pesa benki moja kwa moja, tusipitie kwenye tovuti, ndipo anipunguzie zaidi. Nifanye haraka kabla haijachukuliwa? – Baba watatu, Arusha

Baba, usifanye haraka, na usifanye kabisa. Mtaa ule paundi 55 hupati hata chumba kimoja cha gesti chenye choo cha kugawana. Nyumba hiyo haipo, au ipo na ni ya mtu mwingine asiyejua kuwa sebule yake inauzwa. Anayekuvuta nje ya tovuti anakuvuta mahali ambapo hakuna wa kumlalamikia. Lipa kwa kadi, ndani ya tovuti uliyoipata nyumba, au piga simu hoteli kwa namba iliyo kwenye tovuti ya hoteli yenyewe.

Na kwa nini Big Ben? Utaitazama mara moja, upige picha na watoto, basi. Tafuta kitanda kwenye reli ya Elizabeth iliyofunguliwa 2022: Ealing Broadway upande wa magharibi au Stratford upande wa mashariki. Kote kuwili mnafika katikati ya mji kwa kama robo saa, na jioni mnarudi palipo na maduka ya kawaida na chakula cha bei ya kawaida. Reli hiyo hiyo inatoka Heathrow. Watoto wa chini ya miaka 11 wanapanda treni za chini ya ardhi bure wakiwa na mtu mzima. Ninyi wakubwa gusisheni kadi ya benki kwenye mashine, kila mtu na yake. Mashine inajumlisha nauli za siku na ikifika kiwango chake haikati zaidi.

Dada mkubwa, mimi ni fundi simu, na tangu nikiwa mtoto ni mtu wa Manchester United. Nimedunduliza miaka minne. Nataka kulala mahali nikifungua pazia asubuhi nauona uwanja. – Fundi, Mwanza

Fundi, mechi ikiisha mtaa ule hauna la kutazama: maegesho, ofisi, barabara pana na upepo. Lala katikati ya Manchester, upande wa Deansgate au Castlefield penye mifereji ya zamani, uende uwanjani kwa tramu za njano. Siku ya mechi zinajaa kama daladala ya saa moja asubuhi, ila humu abiria wanaimba. Hiyo ndiyo safari uliyoidundulizia, usiikose kwa ajili ya pazia.

Mechi ya Jumamosi inaweza kuhamishiwa Jumapili au Jumatatu kwa sababu ya televisheni, hata baada ya wewe kununua tiketi ya ndege. Kwa hiyo panga usiku wa ziada mbele na nyuma, na nafasi iwe ya kufutika. Ukiona hoteli ya katikati ya mji imeongeza paundi 1 kwa kila usiku, usigombane na dada wa mapokezi. Ni ada ya wageni ya jiji, ipo tangu Aprili 2023, inahesabiwa kwa chumba. Mwombe huyo dada chumba cha juu, upande wa nyuma, mbali na lifti. Chumba cha mbele Jumamosi usiku utadhani umelala ndani ya sherehe ya watu usiowajua.

Asalaam aleikum. Sisi tuko Muscat, asili yetu Unguja. Mwezi wa Juni joto likizidi tunataka kuwatoa watoto. Tuko wanane: sisi wawili, watoto watano na mama mkwe. Hoteli za mjini tumezichoka. Tunataka nyumba ya shamba, penye kijani na baridi, tupike wenyewe, mbali na kelele za baa. Tutazame mambo gani? – Umm wa watano, Muscat

Waaleikum salaam, mwanangu. Juni mmepatia. Shule za hapa hazifungwi mpaka Julai iko ukingoni, na zikifungwa tu bei za nyumba za shamba zinaruka. Ninyi mtakuwa mmekuja na kuondoka.

Ningewaleta bonde la Hope, kati ya Sheffield na Manchester, ndani ya Peak District. Hii ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya nchi hii, ilitangazwa 1951, ila neno hifadhi lisiwaletee picha ya Mikumi. Humu watu wanaishi: vijiji vya mawe, kondoo, shule, na wazee wanaotembeza mbwa kwenye mvua. Tafuteni nyumba Hathersage, Bamford au Hope penyewe, kwa sababu vijiji hivyo vitatu vina stesheni ya treni. Hata kama mtakodi gari, siku dereva akichoka watoto wapelekwe mjini kwa treni. Wataipenda: kuna handaki la Totley, karibu kilomita 6 chini ya mlima, lilifunguliwa 1893, waache wahesabu dakika za giza. Hathersage kuna bwawa la kuogelea la nje lenye maji ya moto, na kwenye uwanja wa kanisa kuna kaburi ambalo wenyeji wanasema ni la Little John, yule jitu rafiki wa Robin Hood, mwizi shujaa wa hadithi za Kiingereza. Castleton kuna mapango ya kuingia, na juu yake mlima Mam Tor, mita 517, umewekewa ngazi za mawe. Ubavuni mwa mlima huo kuna barabara kuu ya zamani iliyokuwa ikiporomoka kila wakiitengeneza, mpaka 1979 wakaiachia mlima. Lami imepasuka matabaka kwa matabaka kama keki. Wanangu walipokuwa wadogo walipapenda kuliko pango lolote lenye kiingilio.

Sasa nyumba yenyewe. Nyingi zinakodishwa kwa wiki nzima, Ijumaa kwa Ijumaa au Jumamosi kwa Jumamosi. Kalenda ikikataa Jumanne haijaharibika. Ukiona imeandikwa inalaza wanane, hesabu vitanda mwenyewe, maana wa saba na wa nane huwa ni lile kochi langu. Kisha hesabu bafu. Watu wanane, bafu moja, na wengine wanataka kutia udhu: mtagombana siku ya pili. Nyumba za mawe za zamani zina milango ya kuinama na ngazi wima kama za jahazi, kwa hiyo mama mkwe apate chumba cha chini penye choo hapo hapo. Uliza kama bei imeingiza umeme na joto la nyumba. Ndiyo, Juni. Usiku nje inaweza kuwa nyuzi 10, na mama mkwe aliyetoka Muscat atataka moto.

Kuhusu baa: kila kijiji kina yake, na ni kama baraza la hapo. Watu wanakula chakula cha mchana na watoto wao, si ulevi tu. Lakini kama hamtaki kuwa nayo karibu, angalieni ramani kabla ya kulipa. Tangazo litasema "hatua chache kutoka pub" kama sifa; kwenu ninyi ni onyo.

Nyama nunueni Sheffield kabla hamjapanda bondeni. Mabucha ya halali yako Spital Hill na London Road, na huko huko mtapata mchele wa kueleweka, nazi na bizari. Vijijini duka ni moja, lina maziwa, mkate na magazeti. Msifanye shopingi hiyo Jumapili jioni, kwa sababu kwa sheria ya England maduka makubwa Jumapili yanafunguliwa kwa muda wa saa sita tu, kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni. Mkianza kukaanga vitunguu vya biriani fungueni dirisha na mfunge mlango wa jikoni. Kengele ya moshi ya nchi hii haijui tofauti ya biriani na nyumba inayoungua.

Mkipitia hoteli au gesti njiani, kifungua kinywa chao kamili kina nguruwe mara mbili tatu: nyama yake ya vipande, soseji, na ile soseji nyeusi ya damu. Omba cha "vegetarian", na uulize kama mayai yanakaangwa kwenye kikaango hicho hicho. Wanazoea kuulizwa, msione haya.

Maji ya kujitawazia chooni msiyategemee, hata hoteli ya nyota tano. Kwa kawaida ni karatasi tu. Njooni na kopo lenu au chupa ya kubonyeza. Nilipokuwa nasafisha vyumba, nikikuta chupa tupu ya maji imesimamishwa nyuma ya choo nilijua ndugu zangu wamelala humu, na nilikuwa naiacha pale pale. Msimamizi wangu hakuelewa kwa nini. Nyumba ya kukodi bafu lake huenda likawa na zulia, Mungu anajua walifikiria nini, kwa hiyo watoto wafundishwe kutomwaga.

Saa za sala zitawashangaza. Mwishoni mwa Juni huku jua linazama kama saa 3:40 usiku na kuchomoza saa 10:40 alfajiri. Isha inaingia usiku mkubwa, na alfajiri haiko mbali nayo. Watoto hawatakubali kulala na mwanga dirishani. Uliza kama vyumba vina mapazia mazito, la sivyo njooni na khanga nzito na vibanio. Kibla ni kusini-mashariki.

Na gari. Leseni ya kawaida inaruhusu abiria wanane na dereva wao, kwa hiyo gari la viti tisa linawatosha ninyi lakini si masanduku yenu. Baba watoto amezoea kuendesha kulia. Hapa ni kushoto, kama Unguja, na njia za bondeni ni gari moja kati ya kuta mbili za mawe. Mkikutana na trekta mmoja wenu atarudi nyuma mpaka penye upenyo. Kama kuna mtu wa pili mwenye leseni, chukueni magari mawili madogo.

Anti, mimi ni nesi kutoka Kakamega, sasa niko Bradford mwaka wa pili. Nikipata off ya siku mbili, kwa kawaida katikati ya wiki, ninalala tu. Wenzangu kazini wanasema niende mashambani, lakini naogopa kufika kijiji ambacho kila mtu ananiangalia. Sina gari, na pesa nyingi natuma nyumbani. Kuna mahali mtu wa kike peke yake anaweza lala salama na bei iko chini? – Nesi wa usiku

Mwanangu, watakuangalia kidogo, nisikufiche. Mara nyingi kwenye zile njia za mlimani mweusi ni mimi peke yangu. Mtu anakutazama, mnapishana, anasema "morning", mbwa wake anakunusa, imekwisha. Mzee mmoja Castleton aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Sheffield. Akasema, na kabla ya hapo? Nikasema Tanga. Akafikiri sana, akauliza kama ni karibu na Johannesburg. Tukaachana hapo, kila mtu na jiografia yake. Kwa upande wa usalama, mimi nahofia zaidi Leeds Jumamosi saa 8 usiku kuliko kijiji chochote nilicholala.

Wewe una bahati usiyoijua: off yako inaangukia katikati ya wiki. Chumba kile kile Jumanne na Jumamosi ni bei mbili tofauti. Itumie.

Usije kwangu Peak District mara ya kwanza, ni mbali na kwako. Kutoka stesheni ya Bradford Forster Square kuna treni ya moja kwa moja mpaka Skipton, haifiki dakika 45, inapita Saltaire, kile kijiji cha kiwanda cha sufu kilichowekwa kwenye urithi wa dunia 2001. Shuka hapo siku nyingine. Skipton ni mji mdogo wenye ngome, mfereji, soko barabarani, na muhimu kwako, maduka yanayofunguliwa jioni na stesheni yenye treni za kurudi. Lala hapo, kwenye gesti ya mtu nyumbani kwake au chumba cha kampuni kubwa, chochote kilicho umbali wa kutembea kutoka stesheni. Kesho yake panda treni ya Settle uendelee mpaka Ribblehead, ukaone daraja la reli la matao 24 limesimama peke yake kwenye nyika. Utaona mlima, utaona kondoo, utapigwa na upepo, na jioni uko Skipton na chips zako.

Ukishazoea, ndipo ulale kijijini kabisa. Kwa bei yako angalia hosteli za YHA, chama kilichoanza 1930 kuwapa watu wa viwandani mahali pa kulala milimani. Malham wanayo, karibu na lile jabali jeupe la mita 80. Uliza kama wana kitanda kwenye chumba cha wanawake pekee, na kuna jiko la wageni; mimi nimesonga ugali humo mbele ya vijana wa Kijerumani, wakaomba waonje. Leta taulo lako na kufuli dogo. Mabasi ya kwenda Malham ni machache, kwa hiyo soma ratiba ya kurudi kabla ya ratiba ya kwenda. Nauli za mabasi mengi ya England tangu Januari 2025 zimewekewa ukomo wa paundi 3 kwa safari moja. Hilo halitakuumiza.

Ila kabla ya kulipa chumba chochote cha kijijini, piga simu uulize mambo matatu: kutoka stesheni ni dakika ngapi kwa miguu, njia ina sehemu ya waenda kwa miguu, na jikoni wanafunga saa ngapi siku ile utakayofika. Nakuambia kwa sababu mimi sikupiga. Mwaka wangu wa kwanza kupata likizo yenye mshahara niliamua nami nilale kama mgeni, nitandikiwe. Nikachukua chumba juu ya baa moja ya kijijini iliyojitangaza kuwa iko karibu na stesheni ya Hope. Jina lenyewe maana yake matumaini, nikaona baraka. Ilikuwa Jumapili ya Novemba. Saa 10 jioni giza limeanza kuingia. Nikashuka peke yangu, nikauliza simu, ikaniambia zaidi ya kilomita 4. Basi la Jumapili jioni halikuwepo. Nikaburuta sanduku la magurudumu kando ya barabara isiyo na taa, gari likija nasimama ndani ya majani ya ukuta, gurudumu moja likabaki kwenye tope. Nimefika, mwenye baa mpole kabisa, ananipa ufunguo, naulizia chakula, anasema Jumapili jikoni wanafunga saa 10 jioni, pole.

Nikapanda chumbani. Kitanda kimetandikwa vizuri, kona zimekazwa, aliyekitandika anajua kazi. Kando ya birika kuna vile vipakiti vya biskuti za siagi, biskuti mbili mbili, ambavyo kwa miaka mitatu hadi siku ile nilikuwa naviweka vyumbani kwa wageni bila kuonja hata kimoja. Vilikuwa vitano. Nikachemsha maji, nikala vinne, na cha tano nikakiweka mkobani cha asubuhi.